Mnyororo wa Vihatarishi: Uoni Hafifu, Jua na Saratani ya Ngozi kwa Watu wenye Ualbino Nchini Tanzania

Ikisiri

Watu wenye ualbino nchini Tanzania wanakabiliwa na hatari kubwa ya kupata saratani ya ngozi, na wengi wao huugua wakiwa bado katika umri wa kufanya kazi na kulea watoto. Maelezo yaliyozoeleka hutaja sababu moja tu, yaani ukosefu wa melanini katika nchi yenye jua kali. Makala haya yanafafanua kuwa sababu hiyo ni ya kweli lakini haitoshelezi. Kati ya jeni na kidonda kuna mnyororo wa vihatarishi unaopitia jichoni, darasani, kazini, katika lugha ya ushauri wa kiafya na katika umbali wa kuifikia huduma. Kila pingili ya mnyororo huo inaweza kukatwa, isipokuwa ile ya kwanza. Makala yanaanza kwa kueleza biolojia ya ngozi isiyo na melanini na tabia ya mionzi ya jua katika ukanda wa ikweta, kisha yanachambua vihatarishi vya kijamii na kilugha, na hatimaye yanaeleza huduma zilizopo na mapengo yake.

1.0 Utangulizi

Ualbino ni hali ya kurithi ambapo mwili hushindwa kutengeneza melanini ya kutosha, au hushindwa kabisa kuitengeneza. Melanini ndiyo rangi asilia ya ngozi, nywele na macho. Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ualbino hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya watu 17,000 hadi 20,000. Kwa Afrika, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 na Hong, Zeeb na Repacholi yalionesha kuwa makadirio mengi yako kati ya mtu 1 kwa watu 5,000 na mtu 1 kwa watu 15,000. Kwa Tanzania, kadirio linalonukuliwa mara nyingi ni la mtu 1 kati ya watu 1,400, nalo linahusishwa na kazi ya Luande, Henschke na Mohammed iliyochapishwa mwaka 1985. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012 iliuliza pia kuhusu ualbino, hatua iliyolifanya suala hili liingie katika takwimu rasmi za nchi.

Kuanzia katikati ya muongo wa 2000, mjadala wa umma kuhusu ualbino nchini Tanzania ulitawaliwa na habari za mauaji na ukatwaji wa viungo, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Uzito wa ukatili huo haupingiki. Hata hivyo, mjadala huo ulifunika hatari nyingine isiyotangazwa katika vyombo vya habari kwa sababu huua polepole, majumbani na wodini. Hatari hiyo ni saratani ya ngozi. Haina mshambuliaji wa kukamatwa wala kesi ya kusikilizwa. Ina kidonda kidogo sikioni au shingoni ambacho mgonjwa hukizoea hadi kinapokuwa kikubwa. Swali linaloongoza makala haya ni hili: ikiwa saratani hiyo hutanguliwa na dalili zinazoonekana kwa macho kwa miaka mingi, na ikiwa inazuilika kwa kiasi kikubwa, kwa nini wagonjwa wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa?

2.0 Ngozi Isiyo na Melanini

2.1 Urithi wa jeni

Aina ya ualbino inayopatikana zaidi Afrika Kusini mwa Sahara huathiri ngozi, nywele na macho kwa pamoja, na husababishwa na hitilafu katika jeni iitwayo OCA2. Uchunguzi wa Spritz na wenzake, uliochapishwa mwaka 1995, ulibaini kuwa kwa Watanzania wengi wenye ualbino hitilafu hiyo ni ileile: kipande cha jeni chenye urefu wa takribani jozi-msingi 2,700 kimetoweka. Hitilafu hiyohiyo imepatikana pia kwa watu wa maeneo mengine ya Afrika, jambo linaloashiria kuwa ina chimbuko moja la kale.

Ualbino hurithiwa kwa njia fiche. Mtoto huzaliwa na ualbino anapopokea nakala yenye hitilafu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Wazazi wanaweza wote kuwa na rangi ya kawaida na wasijue kuwa wamebeba jeni hiyo. Wazazi wa namna hiyo wana uwezekano wa robo moja, katika kila ujauzito, wa kupata mtoto mwenye ualbino. Kadirio la mtu 1 kati ya watu 1,400 likichukuliwa kuwa sahihi, hesabu ya kawaida ya jenetiki ya jamii inaonesha kuwa takribani mtu 1 kati ya kila watu 19 amebeba nakala moja ya jeni hiyo. Maana yake ni kwamba katika daladala moja iliyojaa abiria kuna uwezekano mkubwa wa kuwamo mbebaji mmoja au zaidi. Kwa hiyo, jeni ya ualbino haiwezi kuwa mkosi wa ukoo fulani wala ushahidi wa mama kutokuwa mwaminifu. Imeenea katika jamii nzima.

2.2 Kazi ya melanini na kinachotokea inapokosekana

Ngozi ya mtu mwenye ualbino ina seli za kutengeneza rangi kwa idadi ya kawaida. Kinachokosekana ni zao la seli hizo. Katika ngozi nyeusi, melanini hujipanga juu ya kiini cha seli kama mwavuli, ikazuia mionzi ya urujuanimno isifike kwenye vinasaba. Uwezo wa tabaka la juu la ngozi nyeusi wa kuzuia mionzi hiyo umewahi kupimwa na kukadiriwa kuwa sawa na losheni ya kiwango cha 13, ilhali ngozi nyeupe ya watu wa asili ya Ulaya ilikuwa na kiwango kisichozidi 4. Ngozi ya mtu mwenye ualbino haina hata kinga hiyo ndogo ya kubadilika rangi taratibu inapozoea jua.

Mionzi inapofika kwenye kiini cha seli huunganisha isivyostahili sehemu mbili zinazopakana za uzi wa vinasaba. Mwili una utaratibu wa kurekebisha makosa hayo, lakini yanapojirudia kila siku kwa miaka mingi, baadhi hubaki bila kurekebishwa. Makosa hayo yakitua kwenye jeni zinazodhibiti ukuaji wa seli, seli huanza kugawanyika bila mpango. Hatua zinazoonekana kwa macho hufuatana kwa utaratibu unaotambulika: kwanza wekundu na malengelenge ya kuungua, kisha madoadoa ya kahawia, ukavu, mikunjo na ngozi kuwa nene kabla ya umri, halafu magaga madogo yanayokwaruza kama msasa, ambayo ni dalili za awali za saratani, na mwishowe kidonda au uvimbe usiopona. Utafiti wa mwaka 1985 uliotajwa hapo juu ulibainisha kuwa uharibifu wa ngozi unaotokana na jua huonekana kwa watoto wenye ualbino tangu mwaka wa kwanza wa maisha.

Kwa watu wenye ualbino barani Afrika, saratani inayoongoza ni ile ya seli bapa, ikifuatiwa na ile ya seli za msingi, ilhali melanoma huonekana kwa nadra. Mpangilio huu ni kinyume cha ule wa watu wa asili ya Ulaya, ambao kwao saratani ya seli za msingi ndiyo inayoongoza. Tofauti hiyo ina uzito wa kitabibu. Saratani ya seli bapa ina uwezo mkubwa zaidi wa kusambaa hadi kwenye tezi na viungo vya ndani. Mara nyingi hutokea kichwani na shingoni, yaani sehemu ambazo nguo za kawaida hazizifuniki.

3.0 Jua la Ukanda wa Ikweta

Nguvu ya mionzi ya urujuanimno hupimwa kwa kipimo cha kimataifa kinachoanzia sifuri. Shirika la Afya Duniani linashauri kinga ianze kutumika kipimo kinapofika 3, na linahesabu 11 na zaidi kuwa ni kiwango cha juu kupindukia. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, kiwango hicho cha mwisho hufikiwa mara nyingi nyakati za mchana katika sehemu kubwa ya mwaka. Hakuna msimu wa baridi unaoipa ngozi likizo.

Mambo matatu kuhusu mionzi hii huenda kinyume na mazoea. Kwanza, joto si kipimo chake. Ngozi huhisi joto la jua, lakini haihisi mionzi ya urujuanimno. Mionzi hiyo huongezeka kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, hivyo mkazi wa nyanda za juu kama Njombe au Mbulu, ambako hali ya hewa ni ya baridi, yumo katika hatari licha ya kutohisi joto. Pili, mawingu mepesi hayaizuii. Sehemu kubwa ya mionzi hupenya. Tatu, kivuli si kinga kamili, kwa kuwa mionzi huakisiwa na mchanga, maji na kuta nyeupe. Mvuvi anayeanika dagaa kwenye mchanga mweupe wa ziwa hupigwa na mionzi kutoka juu na kutoka chini.

Kuna kanuni rahisi isiyohitaji saa wala simu: kivuli cha mtu kinapokuwa kifupi kuliko urefu wake, jua limepita nusu ya njia ya kupanda angani na mionzi ni mikali. Nchini Tanzania hali hiyo huanza takribani saa 3:30 asubuhi na kuisha takribani saa 9:30 alasiri, ikitofautiana kidogo kulingana na mahali na mwezi. Muda huo ndio muda wa masomo, wa kilimo, wa soko na wa kliniki. Ushauri wa kukaa ndani katika saa hizo, ukitolewa peke yake, ni sawa na kumtaka mtu aache kuishi.

4.0 Kutoka Jichoni hadi Ngozini

Maelezo ya kibiolojia yaliyotangulia yanaweza kumfanya msomaji adhani kuwa hatari ya saratani ni sawa kwa kila mtu mwenye ualbino. Sivyo ilivyo. Hatari hutegemea wingi wa mionzi inayoifikia ngozi katika maisha yote, na wingi huo hutegemea kazi anayoifanya mtu. Kazi nayo, kwa sehemu kubwa, huamuliwa na elimu. Hapo ndipo jicho linapoingia.

Melanini ni muhimu katika ukuaji wa jicho kabla ya kuzaliwa. Inapokosekana, sehemu ya katikati ya retina inayohusika na uoni makini haikui kikamilifu, na mishipa inayounganisha macho na ubongo hupangika isivyo kawaida. Matokeo yake ni uoni hafifu, macho kuchezacheza na kuumizwa na mwanga mkali. Miwani inaweza kusaidia kiasi, lakini haiwezi kurejesha uoni kamili. Mtoto wa namna hiyo akiketishwa nyuma ya darasa lenye wanafunzi wengi haoni maandishi ubaoni. Asipoona, hafuatilii, asipofuatilia, hufeli, na akifeli, mara nyingi huhesabiwa kuwa hana akili. Baadhi ya wanafunzi hao huacha shule mapema. Anayeacha shule kijijini hana kazi nyingine inayomsubiri isipokuwa jembe, uvuvi, kuchunga mifugo au biashara ndogo ya kutembeza bidhaa, na zote hufanyika juani.

Kwa mtazamo huo, nafasi ya kuketi darasani ni suala la afya ya ngozi. Mwalimu anayemsogeza mwanafunzi mwenye ualbino mstari wa mbele, anayempatia maandishi makubwa na kumruhusu asogelee ubao, anapunguza uwezekano wa mwanafunzi huyo kufika hospitalini miaka 20 baadaye akiwa na kidonda shingoni. Kinyume chake, shule inayomlazimisha mwanafunzi huyohuyo kuvaa sare ya mikono mifupi na kaptura, kusimama mstarini juani, kuvua kofia kwa sababu za nidhamu na kulima shamba la shule mchana, inaongeza pingili mbili katika mnyororo kwa mara moja.

Ukatili uliotajwa katika utangulizi nao una athari za kiafya zisizo za moja kwa moja. Familia inayomficha mtoto kwa hofu humkosesha shule na kliniki. Mtu mzima anayeogopa kusafiri peke yake huahirisha safari ya kwenda hospitali ya rufaa. Kwa hiyo, usalama wa watu wenye ualbino na afya ya ngozi zao ni mambo yasiyotenganishika.

5.0 Lugha ya Ushauri wa Kiafya

Kinga ya ngozi hutolewa kwanza kwa maneno. Mhudumu humweleza mzazi la kufanya, na mzazi hufanya alichokielewa. Kiswahili ndicho lugha ya mazungumzo hayo katika sehemu kubwa ya Tanzania, hivyo uteuzi wa maneno una matokeo ya kitabibu. Vipengele vinne vinastahili kuangaliwa.

Kipengele cha kwanza ni neno "mafuta". Katika matumizi ya kila siku, neno hili hubeba mafuta ya kupikia, mafuta ya nazi, mafuta ya mgando na losheni za aina zote. Mzazi anayeambiwa "mpake mafuta kabla hajatoka" anaweza kumpaka mafuta ya mgando yanayong'arisha ngozi lakini yasiyozuia mionzi, na akaamini kwa dhati kuwa ametekeleza ushauri. Istilahi "losheni ya kukinga jua" ni ndefu zaidi lakini hubeba kazi ya kitu chenyewe ndani ya jina.

Kipengele cha pili ni neno "dawa". Losheni inapoitwa dawa, huingia katika kundi la vitu vinavyotumika wakati wa ugonjwa na kuachwa baada ya kupona. Mtu asiye na kidonda haoni sababu ya kuitumia, na mwenye kidonda huipaka juu ya kidonda akitarajia kipone. Katika hali zote mbili maana ya kinga hupotea.

Kipengele cha tatu ni "kofia". Kapelo ni kofia, na kofia ya kiislamu ni kofia, lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayofunika masikio na kisogo, sehemu ambazo huathirika sana. Ushauri unaofaa hutaja pama, au kofia ya ukingo mpana wa sentimita 7.5 au zaidi kuzunguka kichwa chote.

Kipengele cha nne ni ushauri wa jumla unaogongana na ushauri mahususi. Akina mama wengi huelekezwa kuwaotesha watoto wachanga jua la asubuhi kwa ajili ya vitamini D. Kwa mtoto mwenye ualbino, ngozi isiyo na melanini hutengeneza vitamini hiyo kwa muda mfupi sana, ilhali huungua upesi. Mama asipopewa maelezo yanayomhusu mtoto wake atafuata yale ya jumla. Kwa watoto walio chini ya miezi 6, kinga inayopendekezwa ni kivuli na nguo badala ya losheni.

Suala la majina ya watu lina uzito wake pia. Neno "zeruzeru", lenye wingi wa "mazeruzeru", humtaja mtu kwa hali yake pekee, na kwa umbo lake la wingi humweka katika ngeli ya LI-YA, ingawa upatanisho wa kisarufi hubaki kuwa wa viumbe hai. Kirai "mtu mwenye ualbino" humtanguliza mtu, kisha hutaja hali aliyo nayo. Chama kilichoanzishwa mwaka 1978 kutetea watu hawa kiliacha baadaye neno "albino" katika jina lake, na sasa hujulikana kama Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania. Mgonjwa anayeitwa kwa jina la dharau katika foleni ya zahanati ana sababu ya kutorudi, na kutorudi kwake ndiko kunakogeuza gaga dogo kuwa saratani.

6.0 Huduma Zilizopo na Mapengo Yake

6.1 Wataalamu

Tanzania ina taasisi yenye historia ya pekee katika elimu ya magonjwa ya ngozi barani Afrika. Kituo cha Kikanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichopo katika Hospitali ya Rufaa ya KCMC mjini Moshi, kilianzishwa mwaka 1992 kwa ushirikiano wa serikali, Shirika la Msamaria Mwema na Taasisi ya Kimataifa ya Magonjwa ya Ngozi. Wazo lake la msingi lilikuwa kwamba nchi zenye madaktari bingwa wachache haziwezi kuwasubiri mabingwa watosheleze; zinapaswa kuwafundisha matabibu na wauguzi wanaofanya kazi vijijini. Wahitimu wa stashahada ya juu ya kituo hicho wametoka katika nchi nyingi za Afrika. Baadaye kituo kilianza pia kufundisha madaktari bingwa. Programu ya kuwafuata watu wenye ualbino katika maeneo yao kaskazini mwa Tanzania ilikuwapo mapema: ripoti ya Lookingbill na wenzake ya mwaka 1995 ilihusu watu 164 waliosajiliwa katika programu ya aina hiyo.

Mfumo wa kliniki tembezi una faida iliyo wazi. Mtu huchunguzwa akiwa bado hana malalamiko. Magaga ya awali hutibiwa hapohapo kwa naitrojeni ya kimiminika yenye ubaridi wa takribani nyuzi 196 chini ya sifuri, au kwa krimu ya kuua seli zenye hitilafu. Hata hivyo, naitrojeni hiyo huvukiza njiani na huhitaji chombo maalumu na usafiri wa uhakika. Kwa hiyo, kliniki hizi hutegemea barabara, mafuta ya gari na ratiba isiyovunjwa. Ratiba ikivunjika mwaka mmoja, hatua ya ugonjwa iliyokuwa ya kutibiwa kwa dakika chache inaweza kuwa imepita.

6.2 Losheni na nguo

Tangu mwanzoni mwa muongo wa 2010, kitengo cha uzalishaji kilichoanzishwa Moshi, ambacho uanzishwaji wake uliongozwa na mfamasia Mhispania Mafalda Soto, kimekuwa kikitengeneza losheni iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Umuhimu wa hatua hiyo ni kwamba losheni zinazouzwa katika maduka ya dawa ya mijini huagizwa kutoka nje na bei yake huelekezwa kwa watalii. Nchini Kenya, serikali imekuwa ikigharimia losheni kupitia Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu, jambo linaloonesha kuwa gharama hiyo inaweza kubebwa na bajeti ya umma.

Pamoja na hayo, hesabu ya matumizi inapaswa kuzingatiwa. Losheni yenye kipimo cha 30, kinachoandikwa SPF 30 kwenye chupa, huzuia takribani asilimia 97 ya mionzi inayounguza, lakini kwa sharti kwamba ipakwe kwa wingi unaotakiwa. Kwa mtu mzima, uso pamoja na shingo huhitaji takribani mililita 5, na kila mkono mililita 5 nyingine. Jumla ni mililita 15 kwa kupaka mara moja. Chupa ya mililita 100 huisha ndani ya siku 7 hata ikitumika mara moja tu kwa siku, ilhali ushauri ni kurudia kila baada ya saa 2 mtu anapokuwa nje. Mtu anayepewa chupa moja kwa miezi mitatu atapaka kidogokidogo, na kinga atakayoipata itakuwa chini sana ya ile iliyoandikwa kwenye chupa.

Hitimisho la hesabu hiyo ni kwamba nguo ndizo msingi wa kinga, na losheni ni nyongeza kwa sehemu zisizofunikika. Shati la mikono mirefu la kitambaa kilichofumwa kwa kubana, suruali au sketi ndefu, kanga au mtandio unaofunika shingo, na pama hudumu kwa miaka badala ya siku. Nguo hizo hupatikana sokoni na hushonwa na fundi wa mtaani. Mipango inayopima mafanikio kwa idadi ya chupa zilizogawiwa pekee hupima kitu kinachoisha kabla ya mwezi.

6.3 Rufaa na tiba ya saratani

Saratani ya ngozi ikigunduliwa ikiwa ndogo, tiba yake huwa rahisi: hukatwa kwa ganzi ya mahali pamoja na ukingo wa ngozi salama, na kipande hupelekwa maabara ili kuthibitisha kuwa yote imetoka. Mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Ikichelewa, huhitaji upasuaji mkubwa, ngozi ya kupandikiza na tiba ya mionzi, ambayo kwa miaka mingi ilipatikana Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na baadaye pia katika Hospitali ya Bugando, Mwanza. Kwa mkulima wa wilaya ya mbali, tiba hiyo humaanisha nauli, malazi kwa wiki kadhaa, msindikizaji kwa kuwa macho yake ni hafifu, na msimu wa kilimo uliopotea. Ni rahisi kueleza kwa nini baadhi huanza tiba na kuiacha.

Pengo kubwa zaidi liko kati ya zahanati na hospitali ya rufaa. Mhudumu wa zahanati huona magonjwa mengi ya ngozi kila wiki: upele, fangasi, majipu, ukurutu. Kidonda cha mtu mwenye ualbino kinaweza kuhesabiwa kuwa kimojawapo, kikafungwa bandeji na kupewa dawa za kuua bakteria kwa miezi. Kanuni inayoweza kuziba pengo hilo ni fupi na haihitaji kifaa: kidonda, gaga au uvimbe wowote kwenye ngozi ya mtu mwenye ualbino ambao haujapona ndani ya wiki 4 uhesabiwe kuwa ni saratani hadi itakapothibitishwa vinginevyo, na mgonjwa apewe rufaa siku hiyohiyo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kuwa saratani ya ngozi kwa watu wenye ualbino nchini Tanzania si tokeo la jeni na jua peke yake. Jeni huiacha ngozi bila mwavuli, lakini ni mfululizo wa maamuzi ya kijamii unaoamua ngozi hiyo itakaa juani kwa muda gani na kidonda kitaonwa lini. Uoni hafifu usiohudumiwa darasani hugeuka kazi ya juani. Neno lisiloeleweka kliniki hugeuka mafuta yasiyokinga. Safari isiyo na nauli hugeuka upasuaji mkubwa.

Kutokana na uchambuzi huo, mambo manne yanapendekezwa. Mosi, huduma ya macho na ya ngozi zitolewe kwa pamoja, kuanzia kliniki ya mama na mtoto, kwa kuwa mtoto ni mmoja na hatari ni moja. Pili, shule ziruhusu na kuhimiza nguo ndefu na pama kuwa sehemu ya sare kwa wanafunzi wenye ualbino, na ziwaondolee kazi za juani saa ambazo kivuli ni kifupi. Tatu, miongozo ya ushauri iandikwe kwa Kiswahili kinachotofautisha losheni ya kukinga jua na mafuta mengine, pama na kofia nyingine, kinga na dawa, kisha ijaribiwe kwa watumiaji kabla ya kusambazwa. Nne, kanuni ya wiki 4 ifundishwe kwa kila mhudumu wa zahanati, na nauli ya rufaa pamoja na ya msindikizaji ihesabiwe kuwa sehemu ya gharama za tiba. Uga wa isimu una nafasi mahususi katika pendekezo la tatu: kuchunguza jinsi wagonjwa na wahudumu wanavyoyaelewa maneno haya katika maeneo mbalimbali ya Kiswahili ni kazi inayosubiri watafiti, na matokeo yake yanaweza kuonekana kwenye ngozi za watu.